Kwa nini SSD ya bei mbaya hutembea nusu mwendo

WANUNUZI wa vifaa vya kompyuta wamezoea kuangalia tarakimu moja tu kwenye boksi la SSD, nayo ni ile ya kasi. Boksi likisema megabaiti 3,500 kwa sekunde, mteja anahesabu kuwa amenunua megabaiti 3,500, analipa tofauti ya bei na kurudi ofisini akiwa na matumaini makubwa. Inapopimwa ndani ya kompyuta yake, SSD hiyo hiyo inatoa 800, au 500, na wakati mwingine 270.

Lawama ya kwanza humwangukia muuzaji, kwamba ameuza mali bandia. Bandia zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi SSD ni halali kabisa na tatizo liko kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta ambako SSD imechomekwa. Na kwa kuwa risiti nyingi za madukani huandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi, hasara inabaki kwa aliyetoa fedha.

Suala hili linawagusa zaidi wenye ofisi ndogo, shule na maduka ya steshenari wanaonunua kompyuta zilizokwishatumika ng'ambo na kuzipa uhai mpya kwa kuzibadilishia diski. Kariakoo, Dar es Salaam, biashara hiyo imezoeleka. Mashine inaweza kuwa ya mwaka 2012 na SSD ikawa ya juzi tu. Vifaa viwili vilivyopishana miaka zaidi ya kumi vinatakiwa kuelewana, na vinaelewana, ila kwa masharti ya yule mkongwe.

Kasi ya boksi na kasi ya njia

Tarakimu ya kwenye boksi ni kasi ya juu kabisa ya kusoma data iliyopangwa mfululizo, SSD ikiwa imepewa njia yote inayoihitaji. Lori lenye injini kubwa likiingia barabara ya vumbi yenye mashimo huenda kwa mwendo wa barabara, si kwa mwendo wa injini. Kwenye kompyuta barabara hiyo ni mazabodi.

Tuanze na njia ya zamani, SATA, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za mitumba. Toleo lake la kwanza, la mwaka 2003, lilikuwa la gigabiti 1.5 kwa sekunde. Likaja la gigabiti 3, na mwaka 2009 likatoka la gigabiti 6. Mtu akigawa gigabiti 6 kwa 8 atapata megabaiti 750, lakini hesabu hiyo inapotosha. Katika SATA kila biti 8 za data husafirishwa zikiwa 10, kwani mbili ni za kuhakikisha usafirishaji unakwenda sawa. Kwa hiyo gigabiti 6 ni megabaiti 600, na ukitoa mazungumzo ya njiani baina ya SSD na mazabodi, kinachofika kwa mwenye mali ni kama 550.

Tundu la gigabiti 3 nalo linabakiwa na 300 kwa hesabu, na kati ya 270 na 280 kwa vitendo. SSD ya SATA iliyoandikwa 550 ikichomekwa hapo inapoteza nusu ya kasi yake palepale, na hakuna kilichoharibika.

Mafundi wengi wanalijua hilo. Kinachosahaulika ni kwamba matundu ya mazabodi moja huweza kuwa tofauti. Chipu za Intel za mfululizo wa 6, zilizotoka Januari 2011, kwa mfano P67 na H67, zilikuwa na matundu mawili ya gigabiti 6 na manne ya gigabiti 3. Kwa umbo yanalingana kabisa, na waya ni ule ule. Baadhi ya watengenezaji waliyatofautisha kwa rangi, na herufi ndogo zilizochapwa kwenye ubao husaidia. Fundi mwenye haraka anachomeka palipo karibu na mkono wake, na mteja anapoteza nusu ya alicholipia kwa ajili ya sentimita tatu za waya.

(Chipu hizo zina historia yake nyingine. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilisimamisha usafirishaji wake baada ya kugundua kasoro katika yale matundu manne ya gigabiti 3, ambayo yangeweza kudhoofika kadiri muda unavyokwenda. Kampuni ilikadiria kuwa matengenezo na ubadilishaji vingegharimu dola milioni 700. Yale mawili ya gigabiti 6 hayakuwa na tatizo.)

Tundu jipya lililoshindwa na la zamani

Mkasa unaoeleza vizuri zaidi jambo hili ni wa mwaka 2010. Wakati huo Crucial ilileta sokoni SSD iliyoitwa RealSSD C300, ikiwa miongoni mwa za mwanzo kutumia SATA ya gigabiti 6, na boksi lake lilitaja megabaiti 355 kwa sekunde za kusoma. Kwa tundu la gigabiti 3 kasi hiyo isingepita, hivyo wateja walitafuta mazabodi mpya zenye tundu la gigabiti 6.

Intel haikuwa na chipu ya kazi hiyo. AMD ilikuwa nayo, SB850, iliyotoka mwaka huo huo. Watengenezaji wa mazabodi za Intel hawakutaka kuachwa nyuma, wakabandika pembeni chipu ya nyongeza kutoka kampuni ya Marvell, kisha wakaandika kwa herufi kubwa kuwa bidhaa zao ni za SATA ya gigabiti 6. Waliyoandika yalikuwa kweli, kwani tundu lilikuwa la gigabiti 6.

Shida ilikuwa nyuma ya tundu. Chipu hiyo ya pembeni ilipaswa kuunganishwa na kompyuta kupitia PCIe, yaani zile njia za data zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, nayo ilitumia njia moja tu. Kwenye chipu kuu ya P55, iliyokuwa imeingia sokoni mwaka 2009, kila njia ilipitisha megabaiti 250 kwa sekunde. Mteja alikuwa na mlango wa 600 unaofungukia ujia wa 250.

Matokeo yake ni kwamba kwenye mazabodi kadhaa za aina hiyo SSD ilikwenda vizuri zaidi ikichomekwa katika tundu la kawaida la Intel la gigabiti 3 kuliko kwenye tundu jipya lililotangazwa. Baadhi ya watengenezaji walitafuta ufumbuzi. Wapo walioweka chipu ya kati ya kuunganisha njia kadhaa, na wapo waliochukua njia za kadi ya michoro, yaani kadi ikapunguziwa ili SSD ipate. Mahali ambapo njia moja ya PCIe 2.0 ilipatikana, ukomo ulipanda hadi 500 kwa hesabu. Mnunuzi hakuona lolote kati ya hayo kwenye tangazo.

Mazabodi za miaka hiyo bado zinauzwa zikiwa zimetumika, na maandishi yake ya gigabiti 6 bado yanang'aa.

M.2: umbo moja, mambo manne

Baada ya SATA kufika ukomo wake, SSD zilihamia moja kwa moja kwenye njia za PCIe, zikaanza kuzungumza kwa lugha ya NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitangazwa Machi 2011. Faida si upana wa njia tu. Lugha ya zamani, AHCI, ina foleni moja ya amri 32, wakati NVMe inaruhusu maelfu ya foleni, kila moja ikiwa na maelfu ya amri.

SSD hizo ndizo zile nyembamba mfano wa kipande cha chingamu, zinazolala kwenye tundu la M.2. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea siku hizi, kwa sababu M.2 ni jina la umbo na wala si jina la kasi. Kuna tundu la M.2 linalopitisha SATA peke yake, na NVMe ikiwekwa hapo haitaonekana kabisa. Kuna lenye njia mbili za PCIe, kuna lenye njia nne, na kila toleo la PCIe lina kasi yake: njia moja ya PCIe 2.0 ni megabaiti 500, ya 3.0 ni kama 985, na ya 4.0 ni karibu 1,970.

Chukua mazabodi za chipu ya Z97 za mwaka 2014. Nyingi zilikuja na tundu la M.2 lenye njia mbili za PCIe 2.0, yaani ukomo wa megabaiti 1,000. Mwaka uliofuata Samsung ikatoa 950 Pro, ambayo boksi la ile ya gigabaiti 512 lilitaja 2,500. Aliyeweka SSD hiyo kwenye tundu hilo alilipia 2,500 na kupata chini ya 1,000. Lakini kulikuwa na mazabodi chache za Z97 zilizochukua njia nne za PCIe 3.0 moja kwa moja kutoka kwenye prosesa, na huko SSD ile ile ilikwenda kasi yake yote. Chipu moja, mwaka mmoja, umbo moja la tundu.

Upande wa AMD hali ni hiyo hiyo. Mazabodi za B450, za mwaka 2018, kwa kawaida hupata njia nne za PCIe 3.0 kutoka kwenye prosesa kwa ajili ya tundu la kwanza la M.2. Nyingi zenye tundu la pili hulilisha kwa PCIe 2.0 ya chipu ya mazabodi. Anayeongeza SSD ya pili ya 3,500 atashangaa kuona inapata nusu ya mwenzake au chini ya hapo, ingawa ni ndugu wa boksi moja.

Mara nyingine pia tundu la M.2 linapokaliwa, matundu mawili ya SATA huzimwa kwa kuwa yanachangia njia. Fundi anahangaika kutafuta diski ya zamani ilikopotelea, kumbe jibu limeandikwa katika kijitabu cha mazabodi kilichotupwa pamoja na boksi.

Geti la pamoja

Hata tundu likiwa na njia zote nne, inategemea njia hizo zinafikia wapi. Vifaa vinavyopitia chipu ya mazabodi, vikiwemo SATA, USB, kadi ya mtandao na baadhi ya M.2, vyote hufika kwenye prosesa kupitia geti moja. Kwa chipu za Intel za mfululizo wa 100, zilizoanza mwaka 2015, upana wa geti hilo ulikuwa sawa na njia nne za PCIe 3.0, yaani kama megabaiti 3,900.

Wapo waliounganisha SSD mbili za 3,500 nyuma ya geti hilo wakitarajia 7,000. Geti haliruhusu. Wanapata kama walivyokuwa wakipata kwa SSD moja, pengine na ziada kidogo, na bei imekwenda mara mbili. Matoleo ya karibuni yamelipanua geti hilo, lakini wafanyabiashara wa mashine zilizotumika hawauzi matoleo ya karibuni.

Prosesa nayo ina neno

Mnunuzi anayejenga kompyuta mpya asidhani yuko salama. Mazabodi za B550 za AMD, zilizotoka mwaka 2020, hutangazwa kuwa na M.2 ya PCIe 4.0, na ni kweli zikiwekewa prosesa kama Ryzen 5 5600X. Zikiwekewa Ryzen 5 5600G, inayopendwa kwa kuwa ina michoro ya ndani na hivyo mtu haongezi fedha za kadi, tundu lile lile linashuka hadi PCIe 3.0. SSD ya 7,000 inabaki na ukomo wa 3,900.

Intel iliwahi kwenda mbali zaidi. Mazabodi za Z590 za mwaka 2021 hupokea prosesa za kizazi cha 10 na cha 11, lakini tundu la M.2 linalotegemea prosesa hufanya kazi kwa kizazi cha 11 peke yake. Kwa kizazi cha 10 tundu hilo ni pambo.

Mipangilio ya ndani

Zipo sababu ndogo ambazo hazihitaji kununua chochote. Kompyuta kadhaa za zamani za ofisini zimepangwa kwenye BIOS zitumie mtindo wa IDE badala ya AHCI, hivyo SSD inatekeleza amri moja moja badala ya kupanga foleni. Kubadili ni dakika mbili, ila Windows ikiwa imekwishawekwa chini ya mtindo wa zamani inaweza kugoma kuwaka, kwa hiyo fundi huitayarisha kwanza.

Sababu nyingine inatokana na kunakili diski ya zamani kwenda kwenye mpya bila kusafisha. Windows XP ilianzisha sehemu yake ya kwanza kwenye sekta ya 63, yaani baiti 32,256. SSD hupanga data kwa vipande vya baiti 4,096 au zaidi, na 32,256 haigawanyiki kwa 4,096 bila kubaki kitu. Kwa hiyo kipande kimoja cha data kinalalia vyumba viwili, na kila uandishi unakuwa kazi mbili. Matoleo ya Windows kuanzia Vista yaliondoa kasoro hiyo, lakini anayenakili diski ya enzi za XP anahama na ugonjwa wake.

Joto halihitaji maelezo marefu. SSD ya NVMe iliyobanwa chini ya kadi ya michoro bila bamba la kupooza hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Hasara ni kiasi gani hasa

Hapa panahitaji utulivu, kwani si kila nusu mwendo ni hasara. Chukua faili za gigabaiti 100. Kwa megabaiti 3,500 kwa sekunde zinasomwa kwa nusu dakika hivi. Kwa 550 ni dakika tatu, na kwa 280 ni dakika sita. Diski ya kuzunguka ya megabaiti 120 itachukua karibu dakika 14. Kwa studio ya video inayohamisha mizigo kama hiyo mara kumi kwa siku, tofauti ya njia ni tofauti ya saa za kazi, na mwenye studio ana haki ya kudai kila megabaiti aliyolipia.

Karani wa mahesabu hahamishi gigabaiti 100. Kompyuta yake inapowaka na kufungua programu, husoma vipande vidogo vidogo vilivyotapakaa. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kusubiri nusu mzunguko ni milisekunde 4, na kusogeza kichwa cha kusomea ni kama 8 nyingine. Kwa mwendo huo inatimiza maombi 80 hivi kwa sekunde, na kila ombi likiwa la kilobaiti 4, mavuno hayafiki hata nusu megabaiti.

SSD haina kichwa cha kusogeza. Ikijibu kila ombi kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, inatimiza maombi 10,000, sawa na megabaiti 40 kwa sekunde. Megabaiti 40 zinapita bila kusukumana hata kwenye tundu la gigabiti 3.

Ndiyo maana ofisi yenye mashine ya mwaka 2012 ikiweka SSD ya kawaida ya SATA huona kama imenunua kompyuta mpya, hata kipimo kikionyesha 270. Kilichopotea hapo ni kidogo. Fedha inapotea pale mwenye mashine hiyo anaposhawishiwa kununua NVMe ya bei ya juu pamoja na kadi ya kuichomekea, ilhali mazabodi nyingi za kabla ya 2014 haziwezi hata kuwaka kutoka kwenye NVMe bila ujanja wa fundi.

Kupima kabla ya kulipa

Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha mambo mawili yaliyotenganishwa kwa mstari: njia inayotumika sasa, na njia ambayo SSD inaweza kuitumia. Ikisomeka SATA/300 upande mmoja na SATA/600 upande wa pili, SSD iko kwenye tundu la pole. Ikisomeka PCIe 3.0 x2 kisha PCIe 3.0 x4, nusu ya njia haipo. Haihitaji utaalamu, na inachukua muda mfupi kuliko kuandika risiti.

Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anaweza kuomba ionyeshwe dukani SSD ikiwa tayari ndani. Anayenunua SSD peke yake aende na jina kamili la mazabodi na la prosesa yake, kwani vijitabu vya watengenezaji hupatikana bure kwenye tovuti zao na hueleza kila tundu la M.2 lina njia ngapi, za toleo gani na kwa prosesa ipi. Muuzaji akiulizwa swali hilo na kujibu kuwa M.2 zote ni sawa, mteja ajue kuwa duka la pili haliko mbali.

Kwa sasa SSD za PCIe 5.0 zimekwishaingia, na boksi zake zinataja megabaiti 14,000 na zaidi. Katika mazabodi kadhaa za Z790 za Intel, tundu la SSD hizo likitumiwa, kadi ya michoro hupunguziwa njia kutoka 16 hadi 8.